Heshima Waliyompa Urbain

Kwa watu wa ukoo wa Urbain, pale kwenye maporomoko ya Kisangani, mtumbwi wa mtu aliyekufa haukai majini. Siku ya mazishi wanaume wanaupandisha ukingoni, wanaulaza kifudifudi kama mtu anayelia, na hapo unalala mpaka matanga yavunjwe. Hakuna wa kuukalia. Hakuna wa kuanika nguo juu yake. Siku ya kuvunja matanga ndipo mjane anaushika kwa mikono yake mwenyewe, anaupindua, anauosha, anausukuma majini mbele ya wazee. Ukielea, nyumba imesimama: mjane anabaki mama wa nyumba ile, na mahali pa marehemu pa kutegea migono ya samaki kati ya mawe panakuwa pa mtoto wake. Mtumbwi usipokuwapo, hakuna cha kuelea. Nyumba inarudi kwa ndugu wa marehemu, mwanamke na mtoto ndani yake, kama sufuria na mfuniko.

Clothilde alilijua hilo kama alivyoijua Salamu Maria. Urbain alikufa maji mwezi wa mvua kubwa, akamwachia mtoto mmoja mchanga, Lambert, aliyekuwa bado hajaota jino. Ndugu pekee wa kiume wa marehemu alikuwa Séverin, kapita, msimamizi wa vibarua kwenye karakana ya meli kule mjini, na Séverin alikuwa tayari na mke wake, Honorine. Clothilde alibatizwa, akafunga ndoa kanisani. Kuwa mke wa pili wa mtu, hata akipewa nyumba ya bati, kwake ilikuwa sawa na kutemea mate mkate wa Bwana. Kwa hiyo kila alfajiri, akienda kuteka maji, jicho lake lilipita kwanza kwenye mtumbwi ule. Ulikuwa mrefu kuliko yote ya upande wa kushoto wa mto, wa mti mmoja mzima, mweusi kwa moshi na mafuta ya samaki.

Jumapili moja ya mwezi wa saba, zamani Wabelgiji wakiwa bado wamekaa kama watu wasioondoka kamwe, alirudi kutoka misa akakuta majani ya manjano tu mahali mtumbwi ulipokuwa umelala.

Wifi yake Agathe alikuwa amekaa mlangoni anapara samaki.

"Agathe, mutumbwi iko wapi?"

"Séverin na vijana wake walipita nayo wakati wewe uko kanisani. Musungu wa karakana anaitaka kwa sikukuu." Agathe alirusha magamba pembeni. "Minakuambia kila siku, Mama Lambert: sali, lakini acha jicho moja wazi."

"Na wewe ulinyamaza?"

"Nilitukana mpaka mate ikaisha. Sasa mi ni mwanaume, nikamate mutumbwi kwa mukia?"

Jumatatu Clothilde alimfunga Lambert mgongoni, akavuka mto, akaenda karakana. Aliusikia mtumbwi kabla ya kuuona, maana nyundo zilikuwa zinaulilia. Walikuwa wameuongezea mbao ubavuni, mbao juu ya mbao kama magamba. Mbele, mahali Urbain alipozoea kusimama na upondo wake, palichongwa shingo ndefu na kichwa cha joka, mdomo wazi, meno nje. Vifuniko vya mapipa ya mawese vilipakwa rangi nyekundu na nyeupe, vikapangwa ubavuni kama ngao. Kando, kwa mhunzi, zilikuwako panga ndefu za ncha butu, mashoka ya makali mapana, na kofia za bati zenye pembe za mbuzi.

Aliyekuwa anapiga randa ni Feruzi, seremala, Mwislamu wa kutoka Maniema, mtu mpole wa maneno machache.

"Mama, usinikasirikie," alisema alipomwona. "Mi iko mukono tu. Kichwa iko kwa Kapiteni, Musungu wa karakana."

"Na hizi pembe?"

"Hizo hata Kapiteni hazitaki. Anasema wazee wake hawakuvaa pembe hata siku moja. Bibi za Wasungu ndio wanataka. Wanasema, bila pembe, watu watajuaje kama ni washenzi?"

Clothilde angecheka siku nyingine. Séverin akatokea nyuma ya rundo la mbao, penseli sikioni.

"Bon, shemeji, umefika. Alors?"

"Papa Séverin, nani alikupa ruhusa?"

"Ruhusa gani? Kapiteni alipita na mashua yake ya moto, akaona mutumbwi imelala na majani imeota pembeni. Akaniuliza, ile imetupwa? Nikamwambia iko ya familia. Sikusema uongo. Au mi siko familia?"

"Ulimwambia kama iko ya matanga?"

"Kapiteni hakuniuliza habari ya matanga."

Kikulacho ki nguoni mwako. Clothilde alimtazama shemeji yake usoni, na Séverin akashughulika na penseli. Hapo mama huyo akaelewa kila kitu, na akaona kwamba kubishana na kapita ni kupoteza pumzi. Akakaa juu ya gogo kumngoja mwenye kichwa.

Kapiteni alikuwa mzee mkubwa kama mlango, ndevu nyekundu zilizoanza kuwa majivu. Hakuwa Mbelgiji, alitoka mbali zaidi, kaskazini kule, nchi ya barafu, na alikuwa ameendesha meli za mto huu tangu ujana wake. Watu wa bandari hawakumwogopa. Hakuwahi kumpiga mtu, na Kiswahili chake, ingawa kilichechemea, kilifika. Alipoambiwa kuna mama anamngoja kwa ajili ya mashua, alifurahi kama mtoto, akaleta kitabu kikubwa cha picha, akakifungua mbele yake juu ya magoti.

"Hii, mama, babu yangu. Waviking. Watu ya maji." Kidole chake kinene kilifuata picha. "Mashua yao nyembamba, nyepesi. Inaingia bahari, inaingia muto, hata maji kidogo. Kijiji inalala, wao wanafika. Hapana ngoma, hapana kengele. Shoka hii, tazama, ya mikono mbili. Hii upanga, iko na jina yake kama mutu. Wanachukua ng'ombe, wanachukua fedha, wanachukua watu. Wanachoma."

"Wanachoma nini?"

"Nyumba. Kanisa."

"Kanisa?" Clothilde alifanya ishara ya msalaba. "Na mapadri ndani?"

Kapiteni alicheka, kicheko cha mzazi anayesimulia utundu wa mtoto wake. "Zamani, mama. Zamani sana. Sasa sisi Wakristo."

Clothilde alimkumbuka nyanya yake, ambaye mitumbwi ya wateka-watumwa ilipopanda mto alfajiri na bunduki, alijificha kwenye matete, kiganja juu ya mdomo wa mtoto. Alipokiondoa, mtoto alikuwa amekwisha nyamaza kabisa. Watu hao nao walikuwa hodari wa maji. Lakini hakuna mtu wa maporomoko aliyewahi kuwachonga kwenye mti awapeleke kwenye sikukuu. Feruzi, ambaye babu yake alipanda mto na watu wale wale, kama mwenye bunduki au kama mwenye mnyororo shingoni hakuna aliyejua, alikuwa ameinamia randa yake, hainui uso.

"Kwetu pia walipita watu wa namna hiyo, Bwana Kapiteni," alisema Clothilde. "Lakini sisi hatuwachezei ngoma."

Kapiteni alitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa kwamba huenda mvua ikanyesha.

"Bwana Kapiteni, ile mutumbwi haikutupwa. Ni ya bwana yangu. Alikufa."

Nyundo zilinyamaza. Kapiteni alifunga kitabu taratibu.

"Alikufa? Alikuwa mutu wa namna gani?"

Hapo ndipo Clothilde alipopotea, na alipotea kwa akili zake zote. Alijiambia: kitu cha mtu mdogo kinachukuliwa kama kuni za porini, kitu cha mtu mkubwa kinaogopwa. Basi akampandisha Urbain. Alimwambia Kapiteni kwamba hakuna mwanaume aliyemtangulia Urbain kwenye maji makali. Kwamba wapiga makasia walipoimba, jina la Urbain ndilo lililoanza wimbo. Kwamba alipokufa mto wenyewe ulimrudisha mbele ya nyumba yake, maana haukuthubutu kumficha. Mengine yalikuwa kweli. Mengine aliyasema na kuyaomba radhi moyoni pale pale. Na kadiri alivyomsifu, macho ya mzee yule yalizidi kung'aa, naye Clothilde, kwa kuona yanang'aa, akazidi kusifu.

Kapiteni alisimama. Akavua kofia yake, akaishika kifuani.

"Mama, mi nilikuwa natengeneza mashua ya kucheza. Sasa haiko ya kucheza tena. Ile sikukuu itakuwa ya bwana yako. Nitamupa heshima ya mukubwa, mbele ya watu yote. Heshima babu yangu walipata." Na machozi yakamtoka, machozi ya kweli, yakapotea ndani ya ndevu.

Clothilde alikuwa na swali mdomoni: sikukuu ikiisha, utaurudisha lini? Hakuliuliza. Kwa watu wa maporomoko, mtu akishavua kofia mbele ya jina la marehemu, amejifunga. Kumwuliza atarudisha lini mali ya marehemu ni kumwambia usoni kwamba yeye ni mwizi. Hata Mzungu anastahili kutotukanwa pale anapolia. Clothilde akameza swali lake, akapiga goti kidogo, akaenda zake na moyo mwepesi.

Siku chache baadaye Séverin alifika mlangoni na sauti ya asali.

"Shemeji, Kapiteni anaomba koti ya Urbain, ile ya harusi. Kwa heshima yake."

"Koti ya mutu alikufa, Musungu anaitaka ya nini?" Agathe alidakia kutoka jikoni.

"Mi najua? Anatuma, mi ninakwenda."

Kumbe alijua. Siku hiyo hiyo Kapiteni alikuwa amemtuma pia kukusanya kuni kavu na utomvu wa miti, na akamweleza ni vya kazi gani, tena kwa furaha. Séverin aliyasikia yote, akasema "ndiyo, Kapiteni," akapanda mtumbwi kuja kuchukua koti.

Clothilde aliwasha pasi ya makaa. Alilinyoosha koti lile mkono kwa mkono, kola, mifuko, akashona kifungo kilicholegea.

"Alivua kofia, Agathe," alisema bila kuulizwa.

"Kofia!" Agathe alifyonza. "Hata mwizi anavua kofia akipita mulango mufupi."

Sikukuu ya Wabelgiji ilifika. Mchana ulipoanza kupoa, ukingo wa mto upande wa mji ulijaa watu. Wazungu walikaa chini ya turubai, wengine wote walisimama juani. Clothilde peke yake kati ya weusi alipewa kiti, mstari wa mbele, kando ya padri. Alivaa nguo yake nyeusi ya matanga, Lambert mapajani. Watu wa vitongoji walimnyooshea vidole: yule, yule pale, mjane wa mukubwa. Asiseme mtu kwamba hakuona raha. Aliona, na baadaye raha ile ndiyo iliyomchoma kuliko yote.

Kwanza walicheza vita. Kijiji cha majani kilijengwa kwenye mchanga, na vijana waliopewa bia walikaa ndani yake kuwa wanakijiji. Mtumbwi wa Urbain ulikuja na kichwa chake cha joka, wapiga makasia wa maporomoko wakiimba kama walivyozoea, na Wazungu mbele na pembe zao, wakipiga mashoka juu ya ngao na kupayuka. Waliruka mchangani. Wanakijiji walikimbia. Mmoja alikimbia ameshika kaptula yake isianguke, na watu wote, weusi kwa weupe, walicheka hadi wakashikana mabega. Vibanda vikawashwa. Bibi mmoja alibebwa begani akipiga kelele za kitoto.

Clothilde hakucheka. Mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe juu ya mdomo wa Lambert. Alipouona, aliuondoa haraka.

Kisha wapiga makasia walishushwa. Wanaume wanne wa karakana walileta sanamu ya nyasi iliyovikwa koti, wakailaza katikati ya mtumbwi, upanga kifuani, ngao miguuni. Clothilde alilijua koti, alikijua na kifungo. Kapiteni, bila pembe, akasimama akasema kwa Kifaransa, sauti ikimtetemeka, na ndani ya maneno yale jina la Urbain lilipita tena na tena. Wazungu wote wakainuka. Padri akainuka. Clothilde naye akainuka, na moyo wake ukasema: umeona, Agathe?

Feruzi alikuja mbio pembeni ya turubai, kofia yake ya kusalia mkononi.

"Mama! Chini ya koti ni kuni tupu! Na mafuta! Mi nilizani mafuta ni ya taa..."

Kapiteni alikuwa amekwisha tupa mwenge.

Mtumbwi ulioloweshwa mafuta ya samaki miaka na miaka hauhitaji kubembelezwa. Ulishika moto wote kwa mara moja, na vijana wakausukuma kwa miti mirefu, mkondo ukaupokea. Clothilde alimtupia Feruzi mtoto. Aliingia majini na nguo zake, magoti, kiuno, kifua, mikono imenyooka mbele kama mtu anayefuata ng'ombe aliyekata kamba.

"Ni nyumba yangu! Munachoma nyumba yangu!"

Mikono mikubwa ilimkamata kwa nyuma. Alikuwa Kapiteni, maji yamefika kwenye ndevu, analia kuliko yeye.

"Hapana, mama, hapana. Zamani wanawake walikwenda na bwana zao ndani ya moto, mi najua. Wewe mwanamuke mukubwa. Lakini sasa hapana. Sasa sisi Wakristo."

Alimbeba mpaka ukingoni. Mabibi wa Wazungu walifuta macho kwa vitambaa. Padri alibariki mto. Mtumbwi ulikwenda ukizunguka polepole, ukawa mwekundu, ukawa mweusi, maji yakafunga juu yake.

Kesho yake Feruzi aliandamana na Clothilde kwa Kapiteni kumweleza desturi. Mzee yule alisikiliza, akaishiwa rangi, akamwita Séverin.

"Wewe uliniambia familia inakubali. Familia inafurahi."

"Mi ni familia, Kapiteni. Na nilifurahi."

Kapiteni akafanya alilojua kufanya: alitoa mashua ya chuma, mpya, yenye makasia yake. Alisema ni bora kuliko ile ya kwanza, haiozi, haipasuki. Alisema hivyo akimtazama Clothilde kama anayeomba aambiwe kwamba yamekwisha. Clothilde alimwambia, "Bwana Kapiteni, wale wa kitabu chako, wakati walichoma, walijua kama nyumba ni ya watu." Feruzi alipoulizwa na Kapiteni mama amesema nini kwa haraka vile, alijibu kwamba mama ameshukuru.

Siku ya kuvunja matanga wazee walikaa ukingoni. Mashua ya chuma ilikuwa pale, inang'aa.

"Hii haikumujua Urbain," mmoja wao alisema, na wengine wakaitikia. Wakamgeukia Clothilde. Nani alimwambia Musungu kwamba Urbain ni mukubwa wa kupewa heshima?

"Mimi."

Nani alitoa koti, tena limepigwa pasi?

"Mimi."

"Na Séverin alijua!" Agathe alipiga kelele kutoka upande wa wanawake. "Mutoto wa mama yangu alijua, akanyamaza kama jiwe ndani ya maji!"

Séverin hakukana. Alisema tu kwamba kunyamaza si kutoa, na aliyetoa ni mwingine. Wazee walishauriana kidogo. Mahali pa kutegea pakawa pa Séverin, na nyumba, na mashua ya chuma kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuipokea.

"Honorine alikufagilia chumba," Séverin alimwambia Clothilde walipotawanyika. Hata hakusema kwa ubaya.

"Papa Séverin, mi niliolewa mara moja. Mbele ya altare."

"Bon. Mutu halazimishwi. Lakini mutoto ni wa ukoo."

Wazee waliitwa tena kabla hawajafika mbali. Wakasema: mama ana haki ya kwenda kwa dada yake Odile kule Mangobo, ng'ambo ya mto, na kwa kuwa mtoto bado ananyonya, aende naye. Siku atakapoacha ziwa, Séverin atakwenda kumchukua.

Clothilde alifunga vitu vyake ndani ya kitenge kimoja. Tangu aolewe alizoea kukaa nyuma ya mtumbwi wa mumewe na kasia mkononi. Siku hiyo kijana wa kivuko alimwonyesha katikati, mahali wanapokalishwa wageni wasiojua maji, naye akakaa. Abiria waliongea habari za sikukuu, jinsi moto ulivyopendeza. Lambert alikuwa ameota meno mawili na alikuwa anatafuna ncha ya kitenge. Clothilde alimtoa kitenge mdomoni, akafungua nguo yake ya matanga, akampa ziwa. Mtoto hakulitaka, alikuwa ameshiba uji wa Agathe, aligeuza uso kutazama maji. Mama akamrudisha kichwa kwa kiganja, polepole, akamngoja.